Andunje na siku ya pili

Siku ya majaribio ya timu ya vijana hapa Mwanza haina siri. Iwe kwenye nyasi bandia za Nyamagana au kwenye vumbi la Igoma, mchezo unaisha kabla mpira haujaguswa. Madogo wanapangwa mstari, kocha anapita na daftari, anawakagua juu mpaka chini, na kila aliyesimama pale anajua kinachotafutwa. Njemba zenye miguu mirefu zinaitwa pembeni kwanza. Andunje wanaambiwa wakae, watapewa nafasi. Nafasi inakuja jua limeshazama nyuma ya mawe, dakika tano za mwisho, kocha keshaanza kupiga stori na bodaboda wake. Ukimuuliza atakwambia dogo ana mpira mguuni ila mwili hana, akale ugali kwanza.

Basi wana, leo tuongee habari za andunje. Wale ambao kwenye picha ya darasa wanachuchumaa mbele kila mwaka bila kuambiwa. Wale waliolipa nauli ya denti mpaka wakiwa chuo, na konda wala hakushtuka. Naanzia mbali kwanza, kwenye mchezo ambao wengi wetu hapa Rock City hatujawahi kuushika hata mpira wake. Kitaa tutafika.

Kuna mwamba anaitwa José Altuve. Mvenezuela, kazaliwa 1990, kakulia mji wa Maracay, na kazi yake ni besiboli. Akiwa na miaka 16 alijitokeza kwenye majaribio ya Houston Astros, timu ya ligi kuu ya Marekani ambayo ilikuwa inasaka vipaji pale pale mjini kwao. Maskauti wakamwangalia, wakamchomoa. Sababu zilikuwa mbili: kwanza mfupi mno, pili walihisi anawapiga fiksi kwenye umri. Hawakumrushia hata mpira mmoja. Sepa.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoishia. Unarudi geto, unajifungia, unatupia status ya uchungu, wiki inayofuata tizi umeacha na umeanza kuwaambia washkaji kwamba timu ile ina mchongo wa kujuana. Huenda ni kweli ina mchongo. Ila Altuve alipofika nyumbani dingi yake alimkazia: kesho unarudi. Kesho yake dogo akaibuka uwanjani, na mkononi kashika cheti cha kuzaliwa. Safari hii akakutana na Al Pedrique, Mvenezuela mwenzake aliyekuwa akifanya kazi Astros, ambaye alimuuliza kitu kimoja tu: unajua kucheza? Dogo akamtazama usoni, akamjibu atamwonyesha. Akaonyesha kweli. Machi 2007 akasaini kwa dola 15,000. Kwetu huo ni mkwanja wa kujenga, ila kwenye besiboli hiyo ni hela ya soda, maana madogo wa rika lake waliokuwa wakitajwa tajwa walikuwa wanasaini kwa mamia ya maelfu, wengine milioni.

Akasota timu za chini kwa miaka 4. Alipopandishwa timu ya wakubwa, 2011, Astros walikuwa vibonde wa kutupwa. Mwaka ule walipoteza mechi 106, uliofuata 107, ule mwingine 111. Fikiria unapambana maisha yako yote uingie kwenye timu, halafu timu yenyewe ndiyo hiyo. Akakaza humo humo. 2014 akawa mpigaji bora wa ligi yake, akapiga mapigo safi 225 kwa msimu mmoja. Akarudia 2016, akarudia 2017, na 2017 hiyo hiyo akabeba tuzo ya mchezaji bora wa ligi mbele ya Aaron Judge wa New York Yankees. Judge ana sentimita 201. Altuve anaandikwa 168. Zipo picha wamesimama pamoja uwanjani na andunje wetu anamfikia jamaa kifuani. Wapiga kura walikuwa waandishi wa habari za michezo, na wala hawakupepesa, Altuve alimwacha mbali.

Wamarekani nao wana utani wao. Shabiki mmoja mwaka 2012 alitengeneza tovuti ya kupima umbali kwa kipimo kinachoitwa Altuve, kwa urefu aliokuwa akiandikwa wakati huo, sentimita 165. Pigo lililokwenda mbali linahesabiwa ni Altuve ngapi. Nimejaribu kukitumia hapa kwetu: Daraja la JP Magufuli pale Kigongo hadi Busisi lina kilomita 3, kwa hiyo ukiwalaza Altuve mmoja baada ya mwingine juu ya maji unahitaji 1,819 ndipo ufike Sengerema. Altuve mwenyewe hakununa. Mtu anayekutania kwa kukupima urefu wa pigo lako lililovuka uzio, huyo tayari umeshampiga.

Sasa ngoja niwaeleze mchezo wenyewe kidogo, maana utamu uko hapa. Mrushaji anasimama mita 18 na nusu hivi kutoka kwa mpigaji. Wale wa ligi kuu wanaachia mpira kwa kasi ya kilomita 150 na zaidi kwa saa, kwa hiyo unakufikia kwa muda unaokaribia nusu sekunde, na kwa wakali wenyewe ni pungufu ya hapo. Mpira uhesabiwe halali, lazima upite kwenye boksi la kufikirika mbele ya mpigaji. Chini boksi linaanzia chini kidogo ya kifuniko cha goti, juu linaishia katikati ya bega na mkanda wa suruali. Umeona mchezo? Boksi linapimwa kwa mwili wa mpigaji mwenyewe. Ukiwa mfupi, boksi lako ni dogo, na mrushaji anatafuta tundu dogo zaidi la kupitishia. Maskauti wa Maracay walikuwa wanaangalia ufupi ule ule, wakaona hasara tupu.

Kuna stori ya kale kuhusu jambo hili, na nikiikumbuka nacheka halafu roho inauma. Agosti 1951, tajiri mmoja mwenye timu ya St. Louis Browns, Bill Veeck, alimsajili mtu anayeitwa Eddie Gaedel, urefu sentimita 109, jezi namba moja juu ya nane. Akaingizwa mechi dhidi ya Detroit na amri moja: usipige chochote, simama tu. Mrushaji akahangaika, mipira minne yote ikapita juu, na sheria inasema mipira minne mibovu mpigaji anatembea bure mpaka kituo cha kwanza. Gaedel akatembea, uwanja ukalipuka kwa vicheko, akabadilishwa. Kesho yake mkuu wa ligi akafuta mkataba wake. Ndiyo ikawa besiboli yake yote. Alitumika kama kichekesho, na gongo lake halikuruhusiwa kufanya kazi hata mara moja. Altuve angeweza kuchagua njia hiyo, asimame na boksi lake dogo akisubiri zawadi. Yeye anajulikana kwa kinyume chake: anapiga. Anapiga mpaka mipira ambayo kocha wa kawaida angemfokea kwa kuigusa.

Na nisimpake asali. Ubingwa wa 2017 wa Astros una doa kubwa. Ligi ilichunguza na mapema 2020 ikathibitisha kwamba msimu ule timu iliiba ishara za wapinzani kwa kutumia kamera, ikapigwa faini ya dola milioni 5 na kocha wake akafungiwa. Altuve amekana kuvaa kifaa chochote, lakini viwanja vya ugenini bado vinamzomea, na mimi siwalaumu wanaozomea. Ninachosema ni kwamba yule dogo wa siku ya pili pale Maracay hakuwa na kamera, na mapigo yake ya 2014 yalikuwa ya timu mbovu isiyofikiriwa na mtu. Mwaka 2022 walichukua ubingwa tena, na 2023 yeye akafikisha mapigo 2,000.

Mechi yake ya kwanza ya ligi kuu ilichezwa Houston tarehe 20 Julai 2011. Ishike hiyo tarehe.

Siku hiyo hiyo, huko huko Marekani, upande wa Seattle, Manchester United ya akina Rooney ilikuwa inacheza mechi ya kirafiki na Seattle Sounders. United wakashinda 7-0, kipigo cha aibu. Lakini kipindi cha pili Sounders walimwingiza winga mmoja aliyekuwa kwenye majaribio, mwili mdogo, miguu mepesi. Dogo wa Mwanza. Mrisho Ngassa.

Eti wana, tunawezaje kuwa na mtu kama huyo halafu bado tunapanga madogo kwa urefu?

Ngassa kazaliwa hapa hapa Mwanza mwaka 1989. Dingi yake, Khalfan Ngassa, alikuwa mtu wa mpira, aliyewasha moto Pamba enzi ile jina la TP Lindanda likitajwa watu wanakaa sawa. Kwa hiyo dogo alikuwa na kitu ambacho Altuve naye alikuwa nacho, mzazi asiyetishwa na neno mwili. Kagera Sugar wakampa ligi kuu akiwa bado kinda, kule upande mwingine wa ziwa, na 2006 Yanga wakamchukua. Mabeki wa ligi yetu mnawajua. Dogo mwepesi akiingia kwa mara ya kwanza, tako moja la kumkaribisha, kiatu kimoja cha kumsindikiza, na refa kauchuna. Ngassa alipambana na hayo kwa njia moja tu, kuwa ameshaondoka kabla kiatu hakijafika.

Februari 2009, Taifa Stars ya Marcio Maximo ilikuwa Ivory Coast kwenye CHAN ya kwanza kabisa. Tukakutana na wenyeji kwao, Abidjan, tukawafunga 1-0. Mfungaji Ngassa. Miezi miwili baadaye akapanda ndege kwenda London kwa majaribio West Ham. Na kocha wa West Ham wakati huo unajua alikuwa nani? Gianfranco Zola. Mtaliano mwenye sentimita 168, sawasawa na Altuve, mmoja wa andunje wakali zaidi waliowahi kuichezea Chelsea. Kama kuna kocha duniani ambaye asingemcheka mtu kwa ufupi, ni yule. Hata hivyo mkataba haukuja, dogo akarudi Bongo.

Kitaa kilimzodoa, hasa upande wa pili, kwa watani wa Simba, Msimbazi. Si mnajua sisi tulivyo, mtu akienda Ulaya akarudi tunamwona kama aliyefeli mtihani wa darasa la saba, wakati wengi wetu hata Entebbe hatujafika. Angeweza kubaki na hiyo stori akaila kijiweni miaka kumi, nilifanyiwa majaribio na Zola, nipeni chai. Alichofanya ni kuhamia Azam 2010 na msimu wa 2010/11 akawa mfungaji bora wa Ligi Kuu, winga huyo, mbele ya mastraika wote wenye mabega. Ndipo Julai ile akapanda ndege tena, Seattle, kujaribu mara ya pili. Napo mkataba haukuja. Akarudi tena.

Siku ile ya 20 Julai andunje wawili walikuwa kwenye viwanja vya Marekani. Mmoja aliingia kwenye ligi akakaa. Mwingine alirudi nyumbani na begi lake. Ukiangalia kwa haraka utasema mmoja alitoboa na mwingine alikwama, na hapo ndipo mimi nakataa. Desemba 2012, Kombe la Chalenji kule Kampala, Stars iliichapa Somalia 7-0 na Ngassa peke yake akaweka 5. Mwaka 2014 akiwa tena na Yanga alifunga magoli 6 Ligi ya Mabingwa Afrika, akawa miongoni mwa waliomaliza juu kabisa kwenye orodha ya wafungaji wa mashindano yale, Yanga yenyewe ikiwa imetolewa mapema. 2015 hatimaye akatoka nje, Free State Stars ya Afrika Kusini, baadaye Fanja ya Oman, halafu akarudi, Mbeya City, Ndanda, Yanga tena. Kwa Taifa Stars anahesabiwa magoli 25, idadi ambayo kwa miaka mingi hakuna Mtanzania aliyeifikia. Hiyo ndiyo kutoboa. Ulaya haikumpa mkataba, ila nyavu hazikuacha kutikisika.

Kuna watu watasema namtetea kwa kuwa ni wa nyumbani. Ndiyo, namtetea kwa kuwa ni wa nyumbani, kuna shida gani?

Tuvuke maji sasa. Sisi tukisikia besiboli tunafikiri ni mambo ya muvi, lakini upande wa pili wa ziwa hili hili wanalolivua akina kaka pale Mwaloni, madogo wa Uganda wanarusha mpira hatari. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilikwenda Poland ikashinda mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika, tiketi ya fainali za dunia za watoto kule Williamsport, Marekani. Ingekuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika pale. Hawakufika. Walinyimwa viza kwa utata wa makaratasi ya umri. Unaona karatasi lile lile linavyorudi? Altuve alibanwa kwenye umri, na watoto hawa nao wakabanwa hapo hapo.

Mwaka uliofuata Uganda ikarudi na timu nyingine, ya Lugazi, mji wa miwa ulio njiani ukitoka Kampala kwenda Jinja. Wakashinda kanda tena. Makaratasi safari hii yakakubali, na Agosti 2012 Afrika ikacheza Williamsport kwa mara ya kwanza. 2015 wakaenda tena na wakawafunga Jamhuri ya Dominika 4-1. Dominika, mwana! Nchi inayozalisha wachezaji wa besiboli mpaka wanamwagika. Kuanzia hapo maskauti walianza kushika njia ya Entebbe: 2022 Los Angeles Dodgers wakasaini Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, na 2023 Pittsburgh Pirates wakamchukua mrushaji David Matoma.

Halafu yupo Dennis Kasumba. Huyu simweki hapa kwa ufupi, namweka kwa kurudi. Ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kifaa usoni. Alifanya kazi machinjioni, akafundishwa mchezo na kocha Paul Wafula, na kwa kuwa hakuna jimu wakatengeneza yao: matairi mgongoni, madumu ya maji, chupa, matope. Video zake zilisambaa mtandaoni mpaka Wamarekani wakaanza kuulizana huyu ni nani. Ubalozini akanyimwa viza, akaomba tena, akanyimwa tena, akaomba tena. 2023 akapewa, akaenda kuvaa jezi ya Frederick Keys, timu ya Maryland kwenye ligi ya vijana wanaojinadi kwa maskauti.

Bongo nayo haijalala kabisa. Dar, pale sekondari ya Azania, upo uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, na mashindano ya shule yanaitwa Koshien, jina la uwanja wa Japani ambao watoto wa sekondari kule wanaulilia wakiukosa. Mimi nasubiri siku mchezo huo utakaposhika Kanda ya Ziwa kwelikweli. Mikono tunayo. Dogo wa Ukerewe anayetungua embe la juu kabisa kwa jiwe moja, embe likaanguka bila kupasuka, mnadhani huyo anahitaji kufundishwa nini?

Turudi kitaa kama nilivyoahidi, maana kuna biashara inanikera. Pale stendi na kwenye simu zetu kuna jamaa wanauza vidonge vya kurefusha. Unga wa kurefusha. Mafuta ya kujipaka magotini uwe mrefu. Mdogo wangu, mifupa mirefu inakua kwenye sehemu laini zilizo karibu na ncha zake, na sehemu hizo zinafunga balehe inapoisha, wavulana wengi miaka 16 hadi 18 hivi, wasichana mapema zaidi. Zikishafunga, hakuna kidonge cha mtaani kinachozifungua. Hiyo buku tano nunua dagaa. Seriously, dagaa wetu hawa hawa wa Kirumba tunaowadharau ndio protini na madini ya mifupa kwa bei ya chee, na bado unabaki na jero ya maharage. Kama bado unakua, kula na kulala ndiyo dawa. Kama umeshamaliza, kula na kulala ndiyo nguvu.

Na tizi Mwanza ni bure. Mji mzima ni jimu la mawe. Dogo anayepandisha ndoo ya maji kule Igogo au Mabatini juu, asubuhi na jioni, ana mapaja ambayo mtoto wa ushuani analipia kwa mwezi. Mwili mdogo unageuka haraka na unasimama haraka, uzito wake uko chini, beki mrefu akishaelekea kulia kumrudisha kushoto ni mchakato. Ngassa aliishi kwenye mchakato huo. Kwa hiyo andunje asifanye tizi ya baunsa, anyanyue vyuma mpaka shingo ipotee. Afanye hatua fupi za kasi, mteremko na mpando, kamba, mguu wa kushoto mpaka uwe sawa na wa kulia. Achague kitu kimoja ambacho uwanja mzima hakuna anayekifanya kama yeye, akikazie kila siku. Altuve alichagua kupiga mpira.

Ila nisiwadanganye kwamba ukikaza tu inatosha. Andunje wangapi walikaza na hatuwajui? Altuve alirudi siku ya pili, sawa, lakini siku ya pili geti lilikuwa wazi na ndani kulikuwa na mtu aliyeuliza swali linaloeleweka. Kama Pedrique angekuwa na daftari la kocha wetu, leo Altuve angekuwa anapiga stori kijiweni Maracay. Hapo kwenye geti ndipo Mwanza tunazingua.

Wenzetu wameliona hili. Ubelgiji, nchi ndogo kabisa, wana timu za taifa za pembeni kwa vijana waliochelewa kukua, ili wasichujwe kwa mwili kabla mwili haujamaliza kazi. Uingereza vituo vya klabu kubwa vinapanga baadhi ya mechi za watoto kwa hatua ya ukuaji na siyo kwa tarehe ya kuzaliwa. Sisi tunafanya kinyume, na juu yake tunaongeza vijeba. Kila mtu kitaa anajua kijeba ni nini: bro mwenye ndevu kanyoa asubuhi, kaandikwa miaka 15, anamgonga dogo wa kweli wa miaka 15 mpaka dogo anaamini mpira si wake. Kijeba anabeba kombe la ndondo, kocha anapiga picha, na miaka miwili mbele hakuna aliyefika popote. Halafu ubalozini makaratasi ya umri yanakaguliwa kwa taa, yule asiye na kosa naye anapigwa chini. Watoto wa Kampala wa 2011 waliliona.

Kwa hiyo makocha, hili ni lenu. Pamba Jiji mmerudi Ligi Kuu tangu 2024, hongereni. Alliance pale Mahina mna kituo chenye jina nchi nzima. Na nyie wa ndondo za Igoma, Buhongwa na Pasiansi mnaofanya kazi hii kwa mapenzi tu. Tangazeni siku ya majaribio kama kawaida, lakini tangazeni na siku ya pili, kwa wale mliowachomoa siku ya kwanza. Muanze na mpira mguuni, daftari libaki kwenye begi. Dakika 30 za kwanza wacheze wafupi watupu. Haina gharama yoyote.

Na wewe dogo uliyeambiwa urudi ukishakula ugali, rudi kabla hujaumaliza. Kama huna cheti cha kuzaliwa, ofisi ya mkuu wa wilaya ndiko RITA wanakoshughulikia, mwambie maza au dingi mwende wiki hii. Skauti akishafika mjini utakuwa umechelewa kuanza kukitafuta.